Treni ya Hesabu Ndani ya Mac

Kila siku baada ya masomo, Beatha alipitia sokoni Same kumsaidia mama yake kupanga samaki wakavu aina ya perege waliotoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Akimaliza, alinawa mikono kwa limau na kukimbilia kituo cha vijana cha kanisa. Huko kulikuwa na kompyuta ya Windows iliyochakaa, na ndani yake mchezo ambao watoto waliuita Treni ya Hesabu. Ukijibu hesabu sawasawa, treni ilivuka daraja. Ukikosea, ilitumbukia mtoni.

Treni ya Beatha ilikuwa haitumbukii. Tangu shamba la mkonge ambako baba yake alifanya kazi lilipouzwa, naye akapunguzwa, maisha nyumbani yalikuwa ya kubana. Darasani walimcheka kwa viatu vyake vilivyotoboka na kwa harufu ya samaki. Lakini mbele ya kompyuta ile wenzake walisema, "Mpisheni Beatha!" Hapo naye alijiona mtu.

Siku moja umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa nguvu mno. Kompyuta ikatoa moshi, ikafa.

Watoto walikuwa wamekata tamaa, ndipo Redempta, nesi wa mji ule, aliporudi kutoka masomoni ng'ambo. Alileta kompyuta mpya aina ya Mac, ya rangi ya buluu, akaitoa kwa kituo. Alikuja pia na Rogathe, binti wa kaka yake, aliyemteremsha kutoka kijiji cha Vudee milimani ili asome mjini. Rogathe alikuwa ameshafundishwa na shangazi yake kuitumia Mac ile, kwa hiyo Mwalimu Eliakimu, msimamizi wa kituo, akampa ufunguo wa kabati la vifaa.

Sasa watoto walimzunguka Rogathe. Beatha alisimama nyuma yao, moyo ukimuwasha kama uliopakwa pilipili. "Juzi tu alikuwa anachunga mbuzi," alinong'ona, "leo anashika ufunguo!"

Walipoiingiza sidii ya Treni ya Hesabu, Mac ilikataa kuufungua mchezo. Beatha alifurahi kimoyomoyo.

"Mchezo huu ni wa zamani, tena ulitengenezwa kwa ajili ya Windows," Redempta aliwaeleza. "Mac haielewi lugha yake. Lakini ninayo programu inayoifanya Mac ijifanye kompyuta ya Windows. Tukiiweka, halafu tukaingiza Windows yenyewe humo ndani, mchezo utadhani uko kwao."

"Sidii ya Windows imo kabatini," Mwalimu Eliakimu alisema. "Rogathe, kesho uitoe."

Jioni ile Rogathe alifungua kabati ili apange vitu, mara akaitwa nje kusaidia kubeba viti. Beatha alitazama huku na huku. Akachomoa sidii ya Windows, akaitumbukiza kwenye mkoba wake wa shule.

Kesho yake sidii ilitafutwa kila mahali, haikuonekana.

"Ufunguo ulikuwa kwako, Rogathe," alisema Mwalimu Eliakimu. "Umeipeleka wapi?"

"Sijui, mwalimu. Kweli sijui." Machozi yalimlengalenga.

"Mshamba ameipoteza!" watoto walipiga kelele. Mwalimu akauchukua ufunguo. Beatha aliingoja furaha, lakini haikuja. Usiku, sidii aliyoificha chini ya godoro ilimuumiza kama jiwe.

Siku chache baadaye Redempta alikuja sokoni kununua samaki.

"Shikamoo, nesi," Beatha alisema bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia mama yake Beatha. "Rogathe ananisumbua, dada. Anataka kurudi Vudee. Na huko hakuna wa kumlipia shule."

"Maskini! Kisa nini?"

"Sasa wenzake wanamwita hata mwizi." Redempta akamtazama Beatha kwa upole. "Na wewe alikuwa akikutaja kila siku. Alisema mchezo ukifunguka atakuomba umfundishe hesabu, maana wewe hukosei."

Beatha aliinua macho. Kumbe yule aliyemwonea kijicho alikuwa akimsifu!

"Sidii ninayo mimi," alisema. "Niliichukua kabatini. Rogathe hana kosa."

Mama yake akaangusha samaki aliyekuwa akimfunga. "Beatha! Nimekulea uwe hivyo?" Akajifuta mikono. "Kailete sasa hivi. Na maneno hayo uyaseme mbele ya wote waliomcheka mwenzako."

Alasiri ile Beatha alisimama mbele ya watoto kituoni, akasema yote.

"Nilikukosea nini?" Rogathe aliuliza.

"Hukunikosea. Nilikuonea wivu. Naomba unisamehe."

Rogathe aligeuka, akakaa mbele ya Mac pamoja na shangazi yake, nao wakaanza kazi. Walingoja sana. Hatimaye Windows ikatokea ndani ya dirisha kwenye kioo cha Mac, na watoto wakapiga makofi. Lakini mchezo ulipofunguliwa, daraja lilikuwa limechanika vipande na treni ni madoadoa tu. Redempta alijaribu hili na lile, bila mafanikio.

Beatha alikuwa kwenye kona. Alikumbuka kwamba hata kompyuta ya zamani iliwahi kufanya hivyo, naye alijua dawa yake. Angeweza kunyamaza, na Rogathe angeshindwa mbele ya wote.

"Rangi ni nyingi mno kwa mchezo huo," alisema. "Zipunguzwe ziwe mia mbili hamsini na sita. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, utaona pa kuzibadilisha."

"Kipanya cha Mac kina kitufe kimoja tu," alijibu Rogathe. Akafikiri. "Lakini shangazi alinionyesha. Ukishikilia kitufe hiki cha kibodi huku ukibonyeza kipanya, ni kama umebonyeza cha kulia." Akasogea kidogo kwenye benchi. "Njoo unionyeshe pa kubadilisha."

Wakashirikiana, mmoja akielekeza, mwingine akibonyeza. Ghafla daraja likaungana na treni ikatokea nzima. Ilikwenda polepole kama ng'ombe anayepanda mlima, lakini ilikwenda!

Mwalimu Eliakimu alimrudishia Rogathe ufunguo. "Nisamehe, binti. Nilihukumu kabla ya kuuliza." Kisha akamgeukia Beatha. "Wewe utafagia chumba hiki mpaka muhula uishe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nanyi wote sikilizeni. Anayejua Mac yuko hapa, na anayeujua mchezo yuko hapa. Wivu ulipowatenganisha, hakuna aliyecheza. Ujuzi wa mwenzako haupunguzi wako. Ukimwonea wivu, unajinyima hata kile ambacho angekufundisha. Na ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

Rogathe alijibu hesabu yake ya kwanza, akakosea. Treni ikatumbukia mtoni, watoto wakaangua kicheko. Beatha hakucheka.

"Saba mara nane," alimwambia taratibu. "Tuanze na hiyo."