Mteja wa Jumamosi

Mvua ya Kitale haibishi hodi. Ilimwagika saa ya watu kutoka kazini na stendi nzima ikatimka, wauza nyanya, makanga na watoto wa shule, kila mtu na kichwa chake. Nekoye, fundi wa cherehani aliyevaa sketi ya samawati aliyoishona mwenyewe na viatu visivyotaka habari ya matope, aliruka mtaro akatua katikati ya turubai la mtu. Kitu kikalia kacha chini ya kisigino chake.

"Mama yangu! Umevunja fila!"

"Nimevunja nani?"

Kijana aliyekuwa amechuchumaa kando ya turubai aliinua rundo la vibati vyembamba vilivyoshikanishwa kwa skrubu moja. Alikuwa na jaketi la jinzi lililopauka mabegani na meno meupe yasiyojua kujificha.

"Hii ni ya kupima nafasi ya valvu kwa pikipiki. Kibati kimoja ni chembamba kuliko nywele yako."

"Nywele yangu umeiona saa ngapi, na nimefunga kitambaa?"

"Imechungulia hapo kando. Nimeisalimia, ikaitika."

Nekoye alitaka kununa, akacheka. Akainama kutazama vyuma vilivyotandazwa, vyote vimepakwa alama ya rangi nyekundu. Aliambiwa hii inaitwa pula, inang'oa magneto, ile sumaku ya umeme, bila kupasua injini. Ile ya meno inashika klachi isizunguke. Ile nyingine inakata cheni.

"Na kwa nini mtu asipeleke pikipiki kwa fundi?"

"Fundi wengine wanakuwekea spea nzee, mpya wanabaki nayo. Mwenye akili anajifanyia nyumbani. Lakini bila hizi vitu, utapiga nyundo mpaka injini ilie."

"Baba alikuwa na pikipiki moja. Tangu afe iko stoo, imefunikwa na magunia." Hakujua kwa nini alilisema hilo kwa mtu asiyemjua.

"Pole sana," kijana akasema, na utani wote ukamtoka usoni. "Mimi ni Mukhisa. Wewe je?"

Mvua ilipoisha walikuwa bado wamesimama chini ya mwavuli wa Mukhisa, na hakuna aliyekumbuka kuukunja.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na tisa, wakati pikipiki zilimwagika Kitale kama kumbikumbi, na biashara ya Mukhisa ilinoga. Mapenzi yao yakanoga zaidi. Mukhisa alikuwa akimpigia simu akiwa Moi's Bridge, akimpigia akirudi, akimpigia akiwa mlangoni.

"Dia, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekumeza kwa macho asubuhi, bado nimeshiba."

"Wacha uongo, Mukhisa, kredo inaisha."

Jumamosi tu ndiyo haikuwa yao. Jumamosi Mukhisa alipeleka vyombo vyake soko la Bungoma, na simu yake siku hiyo ilikuwa ya wateja. Nekoye hakujali. Mwanaume anayetafuta riziki hachungwi kama ng'ombe.

Jioni moja Mukhisa akasema anataka kufika kwao, Myanga, aongee na wazee.

"Baba mdogo Hiram utaongea naye," Nekoye akamwambia. "Mama utamwona kwa mbali. Yeye ni mkali wa mila. Hata akikutana na mkwe wa jirani, anaingia kwa mahindi."

Mukhisa hakuhitaji kufafanuliwa. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawataniani. Heshima yao ni kukimbiana. Mama akimpa kijana mkono, amemwambia waziwazi kwamba huyo si mkwe wake.

Yote yalikuwa yamepangika hivyo, mpaka siku ile kwenye kioski cha chai pale Kibomet. Mukhisa alitoka kunawa grisi, na simu yake ikatetemeka mezani. Nekoye hakuwa mdukuzi, lakini macho hayana pazia. Jina lilisema Magneto. Ujumbe ulisema: *Mme wangu Jumamosi utakuja? Nitakubebea kuku. Usiambie mtu.*

Akaufungua ujumbe, namba ya mtumaji ikatokea. Akatoa chaki yake ya kushonea mfukoni, akaiandika ile namba kwenye kiganja.

"Magneto ni nani?" aliuliza Mukhisa aliporudi.

Mukhisa akasimama na maji yakimdondoka viwikoni. "Ni mteja."

"Mteja anakuita mume wangu?"

"Ni mama mzee, bana! Anatania tu, vile nyanya wanatania vijana."

"Anaitwa nani?"

"Mimi namwita Mama tu."

"Anakaa wapi?"

Mukhisa, kwa sauti ya mtu anayejiona akizama, akasema, "Niliapa nisiongee habari yake kwa mtu yeyote. Niliapa, Nekoye. Niamini."

"Basi endelea kuapa. Lakini si kwangu."

Alitoka bila kumaliza mandazi. Chumbani alifunga mlango, akaketi kitandani, akapanga matusi yake vizuri, mazito mbele, mepesi nyuma. Huyo kunguru wa Bungoma angemjua leo. Akabonyeza namba moja moja akisoma kiganja, akagusa kitufe cha kijani.

Kioo cha simu kikaandika: MAMA.

Nekoye alitazama kiganja. Akatazama kioo. Nani hukariri namba ya mama yake? Imo ndani ya simu, imetosha. Alikagua tarakimu zile mara ya pili, ya tatu, na kila mara zilikuwa zilezile. Kabla hajakata, sauti aliyoijua tangu tumboni ikaingia sikioni.

"Nekoye mwanangu? Mbona unapiga katikati ya wiki? Kuna mgonjwa?"

Nekoye akakata. Matusi yote aliyoyapanga yakamrudia yeye. Mama! Mwenyekiti wa akina mama kanisani, mjane asiyevua kitambaa kichwani hata akiwa peke yake! Nekoye alisugua kiganja kwenye sketi mpaka chaki yote ikatoka, kisha akafunga mkoba wa safari.

Asubuhi alikuwa njiani kwenda Myanga. Hakupiga simu kwanza. Alipita jikoni, hakuna mtu. Akasikia chuma kikigonga chuma upande wa stoo. Akasukuma mlango.

Magunia yalikuwa chini. Pikipiki ya baba ilikuwa imesimama uchi, ubavu wake mmoja wazi, na mbele yake amepiga magoti Phelista, mama yake mzazi, ndani ya suruali ya kaki ya marehemu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amekaza pula kwenye injini, anazungusha spana kwa uzito wa mwili wake wote. Juu ya gunia vyombo vilipangwa kwa mstari, na kila kimoja kilikuwa na alama ya rangi nyekundu.

"Nekoye!" Spana ikaanguka. "Funga mlango! Hiram asione!"

"Mama, hii ni nini?"

"Baba yako mdogo ametafuta mtu wa kununua chuma chakavu. Ati pikipiki ya marehemu haina mwenyewe. Mimi nikasema, ikinguruma, atasema nini? Lakini fundi wote hapa ni marafiki yake. Ningepeleka kwa nani? Nimejifunza mwenyewe." Phelista akapangusa jasho, akaacha mstari mweusi kwenye paji. "Kuna kijana soko ya Bungoma. Huyo mtoto, Nekoye, ana roho! Kila Jumamosi nabeba kitu moja ya injini chini ya sukuma wiki, ananionyesha, narudi kufanya. Ameshika hii mikono yangu mpaka nikajua kupima valvu. Tunakula sahani moja. Mimi humwita mume wangu, anacheka mpaka machozi. Tangu baba yako aende, ni yeye tu ananichekesha."

Nekoye alikaa juu ya gunia la mahindi. Furaha ya kwamba Mukhisa ni msafi ilimjia pamoja na hofu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Mama. Huyo kijana anaitwa Mukhisa."

"Sijui jina. Mimi namwita—" Phelista akanyamaza. Alimtazama binti yake usoni, akasoma yote yaliyoandikwa hapo. "Ati nini? Huyo ndiye ulisema unaleta?"

"Ndiye."

Phelista aliangalia mikono yake kama mtu aliyejikuta ameshika moto. Akaisugua kwenye suruali, akaisugua tena. "Nimekula na mkwe sahani moja! Nimemshika! Nimemwita... Wee! Nitaweka wapi hii uso?"

"Hukujua, Mama."

"Na yeye hakujua. Lakini sasa tumejua." Alikaa chini sakafuni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Unajua unaniomba nini? Nikikupa huyo bwana, sitaongea naye tena vile tulikuwa tunaongea. Sitaketi naye. Unachukua rafiki moja tu niko naye."

Nekoye alilia, hakuona haya. "Basi nimwache?"

"Sijasema hivyo. Mwambie aje Jumamosi, Hiram na wazee wawe hapa. Nikimpa mkono, ujue amebaki rafiki yangu, na wewe utafute mwingine. Nikimkimbia, umepata."

Nekoye alimpigia Mukhisa akiwa barabarani.

"Nisamehe," alianza. "Magneto nimemjua. Ni mama yangu."

Upande wa pili kitu cha chuma kikaanguka kwa kishindo.

"Mukhisa?"

"Nekoye." Sauti ilikuwa ya mtu aliyeketi chini ghafla. "Jumamosi iliyopita nilimtoa mwiba wa samaki kwa jino. Mimi. Na kidole changu! Mungu wangu, nimekwisha."

"Utakuja?"

"Nitakuja hata kama ni kwa magoti. Lakini akininyooshea mkono, nitafanya aje? Nitaukataaje ule mkono?"

Jumamosi Mukhisa alifika Myanga amevaa koti la kijivu na tai, viatu vinang'aa, uso umepauka. Wazee walikuwa wameketi uani, Hiram katikati yao amekunja miguu. Nekoye, ndani ya gauni la kitenge cha njano, alisimama kando ya jikoni. Mama yake hakuonekana popote.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" Hiram aliuliza. "Mgeni amefika."

Stoo ikamjibu. Kilianza kikohozi, kikafuata kikohozi cha pili, kisha ngurumo iliyotawanya kuku wote wa boma. Mlango ukafunguka na Phelista akatoka juu ya pikipiki ya marehemu mumewe, amevaa gauni lake la kanisani juu ya ile suruali, kanga shingoni, mgongo umenyooka. Mzee mmoja aliangusha fimbo. Hiram aliinuka, mdomo wazi, mkono umeelekea ile pikipiki aliyokwisha kuiuza kichwani mwake.

Phelista hakumtazama. Alikuja polepole moja kwa moja hadi langoni, akaisimamisha mbele ya Mukhisa, karibu kabisa. Injini ilinguruma katikati yao. Mukhisa aliinamisha kichwa, mikono ameificha nyuma kama mtoto aliyevunja chungu. Nekoye aliona mkono wa kulia wa mama yake ukiachia usukani. Ukainuka. Ukakaa hewani.

"Mama, tafadhali," akanong'ona.

Ule mkono ukaivuta kanga. Phelista aliifunika uso wake wote, likabaki jicho moja la kuonea njia, akageuza pikipiki pale pale akaikanyagia mafuta. Alimkimbia mkwe wake kwa kasi ambayo Myanga haikuwahi kuona, akapita mashine ya kusaga, akapita kanisa, vumbi likisimama nyuma yake.

Mukhisa, kama inavyompasa mkwe, alikuwa amegeuzia uso kwenye ua. Mabega yake yalitikisika. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akisikiliza injini ikififia mbali, na hakuna aliyemharakisha.

Hiram aliangalia barabara, akamwangalia kijana, akaangalia barabara tena. Kisha akageukia watoto wa boma.

"Mnashangaa nini?" akafoka. "Mleteeni mkwe kiti."