Filamu ya Bwana Obwona

Kila siku baada ya shule nilikuwa na kazi katika studio ya baba yangu, Barnabé, pale Wandegeya. Nilikata kingo za picha kwa mkasi, kisha nikapanga filamu, vile vipande ambavyo picha husafishwa kutokana navyo, katika bahasha zenye majina. Mwaka ule wa 1977, chini ya utawala wa kijeshi, watu hawakuja kupiga picha za furaha. Walitaka picha ndogo za vitambulisho, wakalipa haraka, wakaondoka huku wakiangaza macho barabarani. Gari likisimama nje, baba aliacha kazi mpaka liondoke.

Jumanne moja aliingia Mama Anena, jirani yetu. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mumewe, Bwana Obwona, alikuwa amechukuliwa na watu wasiojulikana. Kwa hofu ya msako, yeye alichoma vyeti, barua na picha zote za nyumbani. Sasa alikuwa amempata mtu wa kumuulizia gerezani, lakini mtu huyo alitaka kuona sura, na angeondoka kesho yake asubuhi.

"Baba Nabintu, nilichoma hata ya harusi," alisema, akimwita baba kwa jina langu. "Imebaki ile filamu yako tu, ya siku alipopiga picha hapa."

Baba alinituma kabatini. Nilienda polepole, maana nilijua bahasha ni tupu. Wenzangu shuleni walipenda kuinua filamu kwenye mwanga na kuwacheka watu ambao filamu iliwageuza wenye nywele nyeupe na meno meusi. Ile ya Bwana Obwona nilikuwa nimempa rafiki yangu Alum, naye akanipa penseli nyekundu.

"Haipo, baba," nilisema. "Labda panya."

Baba alimwaga filamu zote sakafuni. Mama Anena alipiga magoti, akawa anainua moja moja dirishani, akitafuta uso wa mumewe kati ya nyuso za watu asiowajua. Nilivumilia kidogo, kisha nikashindwa.

"Si panya. Niliichukua mimi. Iko kwa Alum."

Baba hakunigombeza. Alinishika mkono tukaenda mbio hadi nyumba za polisi, alikoishi Alum. Ogwal, babake Alum, askari, alikuwa kibarazani akipiga viatu rangi. Baba yangu, ambaye huvuka barabara kuwakwepa wenye sare, alimsalimu kwa heshima na kueleza shida yetu. Alum aliileta filamu. Ogwal aliiinua juani, akaitazama kwa muda mrefu. Niliogopa kwamba angeizuia. Kisha akampa baba.

"Watoto wachezee vitu vingine," alisema, akarudia viatu vyake.

Picha iliposafishwa, mkwaruzo mweupe ulipita begani mwa Bwana Obwona, lakini uso ulikuwa mzima. Mama Anena aliikumbatia, akalia, akaondoka nayo.

Baba aliketi karibu nami. "Kuichukua kulikuwa utoto," alisema. "Lakini kwa uongo wako, yule mama alipiga magoti kumtafuta mumewe mahali ambapo wewe ulijua hayupo. Sema ukweli, mwanangu, wakati bado unaweza kumsaidia mtu."

Niliirudisha filamu katika bahasha yake.