Mwenye Sauti Aseme

Aurelia alikuwa na tonge mdomoni alipojisikia akisoma habari za saa saba mchana redioni.

Mama yake aliacha kula. "Si uko hapa, mwanangu?"

Sauti ilikuwa yake, hata kile kikohozi kidogo kabla ya kila habari. Mwaka jana kituo kilimrekodi ili akili bandia isome siku akiugua. Leo hakuwa mgonjwa. Sauti ilitangaza kwamba wananchi wa Maposeni wamekubali kuiachia kampuni ya madini bonde lao, na matingatinga yataingia kesho. Aurelia alikuwapo mkutanoni. Waliokubali hakuwaona.

Alifika kituoni akihema. Studio ilinuka nywele zilizoungua. Meneja wake, Dastan, alikuwa ameshika waya aliouchomoa ukutani.

"Nimezima," alinong'ona. Spika iliendelea kusoma.

"Basi tukanushe!"

"Nimekanusha. Hewani imetoka habari ileile, kwa sauti yako."

Aurelia akamwita Muhsini, mganga wa majini kutoka Nakapanya, aliyekuwa mjini kumtibu mtu.

"Shehe, hapa hatuna majini, tuna mfumo," Dastan alisema.

"Hata kwetu wenye majini huanza kwa kukana." Muhsini alifukiza ubani, akasoma dua, kisha akauliza, "Mwenye nyumba nani? Jini hatoki mpaka mwenye nyumba amwambie toka, kwa kinywa chake."

"Mimi nimeajiriwa tu," Dastan alisema.

"Aliyekuajiri?"

Dastan akapiga makao makuu, Dar es Salaam. Wakajibu kwamba na wao mfumo wamekodi tu, wakampa namba ya wenye mfumo, nje ya nchi.

"Yaani jini yumo ndani na nyumba haina mwenyewe?" Aurelia alifoka. "Watu watavunjiwa makazi kesho!"

Dastan akapiga ile namba, simu ikaita na kuita, harufu ya nywele ikazidi mpaka ikaumeza ubani, halafu upande wa pili mtu akakohoa kidogo, kikohozi ambacho wote watatu walikijua, na sauti ya Aurelia ikasema kwa upole, "Karibu, nikusaidie nini?"

Dastan akaiangusha simu.

"Nyumba haina mwenyewe," Muhsini alisema taratibu, "lakini sauti inaye. Binti, sema wewe. Mwambie toka."

Aurelia akafungua kinywa. Koo lilipanda na kushuka, mishipa ikamtoka shingoni, asisikike hata pumzi.

Spika ikakohoa kidogo.

"Nakubali abaki," ikasema kwa sauti ya Aurelia.