Paneli ya Kona

Walikutana kwenye duka la vifaa vya ujenzi, watu wakisukumana, mikono yao miwili ikiwa imeshika brashi moja iliyobaki.

"Dada, niachie. Mimi fundi," alisema mwanamume mwenye ovaroli ya samawati, madoa ya rangi mpaka sikioni.

"Na mimi naosha paneli za sola. Wewe unaosha nini, maneno?"

Fundi akamwachia. Mwanamke huyu, ambaye nyumbani mwenzake wa kuongea naye alikuwa birika, alitembea njia nzima akitabasamu peke yake.

Kumbe paa lao la kazi lilikuwa moja, la jengo la ofisi ambalo mwanamke aliosha paneli zake kila wiki. Fundi alikuwa na makopo yake pale, na kila akimwona alianza na lile lile: "Umekula, malkia?"

"Hayo makopo ya nini?"

"Majaribio tu."

Asubuhi moja alipanda na ndoo, akakuta paneli zinang'aa. Akazimwagia maji. Yakajiviringa kama shanga, yakazoa vumbi, yakateremka nalo. Kumbe fundi alizipaka dawa ya yale makopo; sasa paneli zilikuwa zinajiosha zenyewe.

"Kwa hiyo ulikuwa unanitongoza huku unanichimbia shimo?"

"Nilikosa pa kuanzia, mpenzi."

"Ungeanza na 'dada, nimekuja kukupokonya ndoo'."

Akashuka. Fundi alimpigia simu siku nzima, hakupokea. Paa nyingine za kuosha zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kumwuliza kama amekula. Birika nalo halikuwa na jipya.

Mwezi ulipokatika, msimamizi wa jengo alimpigia. "Kuna paneli moja chafu. Fundi anasema ni yako."

Alipanda akiwa amejaa ugomvi. Paneli ya kona ilikuwa na vumbi tele. Fundi alikuwa amekaa juu ya kopo, ovaroli imepigwa pasi.

"Hii uliisahau?"

"Ni ya kulinganisha. Lazima ibaki moja ya kuoshwa kwa mkono."

"Mbona ya kona?"

"Ndiyo iliyo mbali na ngazi. Utachelewa kushuka."

Akacheka bila kupenda. "Na majaribio yakiisha?"

Fundi akasogeza kopo lake kando kumpisha.

Mwanamke akaiosha ile paneli, akaikausha. Kisha akachukua kopo na kitambaa cha fundi, akaipaka yote, taratibu, asibakize hata pembe.

"Umeniharibia majaribio," fundi alisema kwa upole.

"Sasa sina kazi tena kwenye paa hili."

"Kweli, huna."

Akageuza ndoo juu chini, akaikalia kando ya fundi.

"Haya, uliza."

"Umekula?"

"Bado."