Yadi Kumi na Tano za Ovey Melancon

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe wa mlangoni ingia ukae, usitugawie baridi. Aliye karibu na ile redio ya kabatini ageuze kitufe mpaka kilie tik. Najua haisemi kitu. Geuza hivyo hivyo. Haya, nyamazeni mpaka tusikie friji ikinguruma.

Sasa.

Lilianza na kitambaa. Jumatatu asubuhi dada yangu Verlie alikuwa jikoni kwake, hapa hapa Anse Perdue, anachagua maharage mekundu. Jumatatu ni siku ya maharage, hata penye msiba hupikwa. Akageuka kuchukua chumvi. Aliporudi akakuta kitambaa cha njano sakafuni, kimefungwa fundo, na ndani ya fundo mna kitu kizito. Akakiokota. Kimelowa, kinanuka udongo mbichi. Akalifungua lile fundo, akakuta maharage mekundu kama yake, ila haya yalikuwa yameota.

"Ovey! Umeniletea nini humu ndani?"

Mumewe akatoka kunyoa, povu shavuni. Akakitazama kitambaa. Alikijua. Kila refa wa mpira wetu huu wa Kimarekani, wa kubebwa mikononi, alikuwa na cha kwake kiunoni, akiona kosa anakirusha chini. Lakini refa aliyetiwa maharage kwenye fundo ili kitambaa kiwe kizito alikuwa mmoja tu, Ulysse Dugas, aliyeshonewa na dada yake Eula. Na Ulysse tulikuwa tumemzika jana yake.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Ovey Melancon alitangaza mpira wa shule yetu redioni miaka kumi na tisa. Alikuwa na sauti, yule! Akisema mvua inanyesha, watu walifungua miavuli juani. Na utamu wake wote ulikuwa kwenye kuwasema marefa. Aliketi juu kabisa, kwenye kibanda cha vioo, pamoja na Rodney Guillot, mchezaji wa zamani ambaye kazi yake hasa ilikuwa kucheka.

"Rodney, huyu refa miwani kaisahau kwa mama mkwe?"

"Bosi, miwani anayo. Akili ndiyo imebaki kwa mama mkwe."

Tukacheka mpaka mchuzi wa gumbo ukatutoka puani. Hata mimi nilicheka, sisemi uongo.

Ijumaa ile tulicheza na Coteau Rouge, maadui zetu tangu babu zetu. Zilibaki sekunde nne. Kijana wetu akaruka kwenye kona, akaudaka mpira, na uwanja mzima ukasimama. Ulysse alikuwa hatua mbili kutoka pale. Akapunga mikono kukataa: kisigino kimekanyaga chokaa ya mpakani, mpira ni wa nje. Tukafungwa.

Ovey, kutoka kule juu, mbali, akashika kipaza sauti. "Mwizi! Ulysse Dugas kawaibia watoto wenu mbele ya macho yenu! Gari lake ni lile la buluu, nyuma ya lango la mashariki. Mwenye swali akamuulize mwenyewe."

Wakaenda. Wanane, wengine husema tisa. Walimpiga kwa vyuma vya viti mpaka meno yakatapakaa kwenye kokoto kama punje za mahindi. Kisha mmoja wao akaichukua filimbi yake na kumsukumia kooni kwa kidole gumba, ikaingia mpaka isionekane tena. Ulysse akivuta pumzi, inalia. Akivuta tena, inalia. Halafu haikulia.

Jumapili, baada ya maziko, Ovey na Rodney walikwenda kwa kocha kuangalia filamu ya mechi. Wakaiona mara tatu. Mara zote tatu, chini ya kisigino cha yule kijana, chokaa nyeupe iliruka kama unga.

"Bosi," Rodney akanong'ona, "refa aliona sawa."

"Zima."

"Utasema kwenye kipindi Jumatano?"

"Mtangazaji akikiri kosa leo, Rodney, nani atamsikiliza kesho? Zima, nimekwambia."

Basi tumerudi Jumatatu, jikoni. Verlie kashika kile kitambaa kwa ncha mbili za vidole. Anamuuliza mumewe, polepole, "Ovey, Ulysse alikosea kweli?"

"Alikosea. Alijitakia mwenyewe."

Filimbi ikalia. Ndani ya nyumba, karibu na sikio, filimbi ya majimaji kama inapulizwa kutoka chini ya kohozi. Na kabla Verlie hajageuka, kitu kikamkamata kiunoni kwa nyuma na kumburuta kinyumenyume, visigino vikikwaruza sakafu, meza akaikumbatia ikaja naye, bakuli la maharage likapasuka, mpaka mgongo ukajigonga kwenye mlango wa uani na kikamwachia. Mbele ya vidole vya miguu yake ukajichora mstari mweupe wa chokaa, kutoka ukuta hadi ukuta. Akajaribu kuuvuka. Kucha mbili za mguu zikang'oka kama maganda.

Ovey akahesabu kwa macho. Kazi yake. Yadi tano.

Na mnajua sheria ya mchezo wenyewe: mmoja akikosa, timu nzima inarudishwa nyuma. Timu ya Ovey ilikuwa Verlie. Nyuma ya mlango ule kuna ua wa nyumba, kuna mti wa tini, kisha kuna mto wetu mweusi usio na mwendo. Kutoka mezani hadi majini ni yadi thelathini kamili.

"Hii ya kwanza ni tano," Verlie alimwambia huku analia. "Ya pili huwa kumi, ya tatu kumi na tano. Mimi si mjinga, nimekusikiliza miaka kumi na tisa. Ovey, mume wangu, kaseme ukweli."

"Nitanyamaza, Verlie. Nikinyamaza hakuna kosa."

Akaenda kwenye kipindi cha Jumatano na nia ya kunyamaza. Ndicho kipindi ambacho watu walikuwa wakipiga simu naye akiwahukumu marefa wa wiki, mmoja mmoja, kama hakimu. Simu ya tatu ikawa ya mzee mmoja wa kiwanda cha sukari. "Ovey, wewe ndiye jicho letu. Yule marehemu aliona, au hakuona?"

Rodney akamtazama. Mji mzima ukangoja.

"Mzee wangu," Ovey akasema, na ulimi hauna mfupa, "macho haya hayajawahi kukosea."

Filimbi tuliisikia wote redioni. Mimi nilikuwa ng'ambo ya mto napiga pasi, nikaiacha pasi juu ya shati mpaka likaungua. Hapo ndipo Verlie, aliyekuwa ameketi nyuma ya chokaa yake na bakuli la wali mapajani, alinyanyuliwa na kupitishwa kwenye mlango uliofungwa, mbao na vioo na bawaba vyote vikaenda naye, akaburutwa ngazini kwa mgongo, ngazi moja, ya pili, ya tatu, mkono ukijaribu kuushika mtini na mtini ukibaki na ngozi ya kiganja chake, paja likavunjika kwa mlio ambao jirani alidhani ni tawi, mpaka akatupwa nyasini, na chokaa ikamzunguka pande zote, mbele na kushoto na kulia, pakabaki wazi upande mmoja tu, wa mto.

Kumi. Zilibaki kumi na tano.

Watu wa huku husema ni mzuka. Mimi nasema ni jini, maana mzuka hukutisha ukaondoka, jini hukushika. Daktari alikuja akajaribu kumbeba Verlie avuke ule mstari. Dada yangu akapiga ukelele hadi damu ikamtoka masikioni, wakamrudisha. Wakamfunga paja pale pale chini, wakamwekea turubai na redio ya jikoni, asiwe peke yake.

Ovey akaenda kwa Eula Dugas.

Eula alikuwa mponyaji wa maombi, wa pekee hapa petu. Aliponya majeraha ya moto, chunjua, homa za watoto. Na wenye kazi ile wana masharti: hawamkatai anayeomba, hawalipwi, na hawashukuriwi. Ovey akapiga magoti kwenye baraza ya mwanamke aliyefiwa na kaka kwa sababu ya mdomo wake yeye.

"Dada Eula, niponyee mke wangu."

Eula aliendelea kumenya kamba wa mtoni. "Ningeweza kukataa, Ovey, ningekataa. Nimekiosha kinywa cha kaka yangu. Unajua nilichokikuta humo?"

"Najua."

"Hujui. Nyamaza unisikilize. Refa akiona kosa hafichi. Anasimama nyasini peke yake, anageukia kile kibanda chenu, anaonyesha kosa na anamtaja mwenye kosa. Kesho wewe ushuke chini, ufanye vile vile. Umtaje mwenye kosa kwa jina. Ukitaja, mzigo unatoka kwa Verlie na unakuwa wako peke yako, na mimi nitakuwa nasoma maombi pembeni yake mpaka ulegee. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na usiniambie lile neno. Wala leo, wala kesho, wala nikifa. Ukinishukuru, kazi yote inamwagika, na kile kitu kitarudi kuchukua yadi kilizobakiza."

Ovey akafungua mdomo, akaufunga kwa kiganja, akaondoka.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, bendi ilipotoka uwanjani, Ovey akashuka na kipaza sauti cha waya mrefu. Akatembea hadi katikati. Akakigeukia kibanda chake mwenyewe, kwa mara ya kwanza akakiona kilivyo kidogo ukiwa chini.

"Mimi ni Ovey Melancon," akasema. "Ijumaa iliyopita mpira ulikuwa wa nje. Ulysse Dugas aliona sawa, kutoka hatua mbili. Mimi nilikosea kutoka kule juu. Nikaona filamu, nikajua, nikanyamaza. Mliomuua mlitumwa na mdomo wangu. Mwenye kosa ni mimi. Si nyumba yangu. Mimi."

"Shuka kaburini na yeye!" mtu akapiga kelele. Chupa ikaruka, ikampasua paji la uso. Nyingine ikamvunja meno. Watu waliompenda miaka kumi na tisa! Hakukimbia. Alisimama damu ikimwingia machoni.

Na kule uani, Verlie aliniambia mwenyewe, chokaa ilianza kulowa kama unga kwenye mvua, ikafutika. Akatambaa kwa viwiko, Eula akimshika kwapa, ngazi moja, ya pili, ya tatu, mpaka jikoni. Akaishika simu.

Rodney akatoa kichwa dirishani mwa kibanda. "Bosi! Verlie kapiga! Yuko ndani! Yuko jikoni kwake!"

Ovey akalia kama mtoto. Na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, na mkono umezoea, na kila kipindi kwa miaka kumi na tisa alikifunga kwa neno moja. Neno likatoka kabla yake.

"Asante," akasema. "Asante, Dada Eula."

Jikoni, Verlie aliniambia, Eula alifumba macho.

Kitambaa cha njano kilidondoka toka juu kusiko na mtu, kikatua miguuni pa Ovey, puu. Filimbi ikalia, na mbele ya watu elfu tatu Ovey akaangushwa kifudifudi na kuburutwa kwa miguu yadi kumi na tano, nyasi ziking'oka na kucha zikibaki, kile kitu kikasimama, filimbi, tena kumi na tano, uso ukilima ardhi na waya wa kipaza sauti ukimfuata kama mkia, kwa hiyo kila ukelele aliopiga tuliusikia kwenye redio zetu, mume wangu akaizima yetu na sauti ikaendelea kutoka kwa jirani, filimbi, tena, akapita kati ya milingoti ya goli, akapita uzio nao ukapasuka, akaingia kwenye miwa, na miwa ikainama, ikainama, kuelekea mtoni, mpaka waya ukakatika.

Walimpata Jumapili. Mwenye kumuosha alisema kooni palikuwa pamejaa, asiseme pamejaa nini.

Kipaza sauti alikirithi Rodney. Refa akikosea, Rodney husema, "Yeye yuko karibu, sisi tuko mbali," akanyamaza. Wengi walimwona mtangazaji dhaifu. Kitambaa alirithi Eula. Maharage aliyapanda, na mpaka leo hakuna anayeyavuna. Nyumba alirithi Verlie, na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Filimbi hakurithi mtu, maana haikupatikana, kwa Ulysse wala kwa Ovey.

Na Verlie alipofariki, ile redio ya jikoni aliniachia mimi. Nilikata waya wake kwa kisu siku hiyo hiyo. Ijumaa iliyofuata, bila waya, ikapiga filimbi. Ndiyo maana kila Ijumaa nawaambia muizime.