Kitindamimba wa Nyumba ya Sabuni

Alama ilikuwa imepanda. Si sana, upana wa kidole tu. Digrii alisimama mbele ya mwimo wa mlango wa chumba cha watoto, kitambaa cha vumbi mkononi, akaukodolea macho ule mkwaruzo. Jana ulikuwa usawa wa paja lake. Leo umegusa nyonga.

"Ni macho yangu," akajiambia. "Ni njaa hii."

Digrii halikuwa jina lake. Alibandikwa na mlinzi wa geti siku ya kwanza, alipomwona amekuja na bahasha ya vyeti ili apewe ufagio. Alisomea historia, akafaulu vizuri, akapigiwa makofi, kisha akasota mtaani mpaka soli za viatu zikamwonea aibu. Mwishowe akapata kibarua cha mkataba wa muda: kufagia makumbusho ya watoto na kuwatembeza wanafunzi vyumbani. Ndiyo hivyo. Wenzake bado walikuwa wanatuma sivii kwa watu wasiofungua hata barua pepe za mama zao.

Jumba lilijengwa na bwana mmoja aliyetajirika kwa kuchemsha sabuni, na mtaa mzima uliliita Nyumba ya Sabuni. Bwana huyo alikuwa akiwasimamisha wanawe kwenye mwimo ule, kisogo kinagonga mbao, ko, anachora mstari wa penseli juu ya kichwa, anaandika jina. Familia ikahama, nyumba ikawa ofisi, ikawa ghala, ikawa makumbusho. Mistari ikabaki. Sasa kila mtoto aliyekuja kutembea alisimamishwa palepale, akapimwa kwa chaki, akaondoka anacheka.

Na kila kundi liliuliza lilelile: "Dada, huyu wa chini kabisa mbona hana jina?"

Kweli, chini ya mistari yote kulikuwa na mkwaruzo mtupu. Digrii hakujua ni wa nani. Siku moja, kichwa kinamuuma na watoto wamemganda kama kupe, akawajibu tu: "Huyo ni kitindamimba. Hakuwahi kupata mwenzake wa kucheza. Anawasubiri nyinyi."

Watoto wakatulia kama wamemwagiwa maji. Kisha mmoja akagonga mbao: "Kitindamimba, hodi!" Wakagonga wote. Habari zikasambaa, shule zikafurika, na Madam mkurugenzi, ambaye hata sura ya Digrii alikuwa haijui, akaanza kumwita my dear.

Jioni watoto wakiondoka, nyumba ilibaki tupu kama chungu kilichokombwa. Digrii alifunga madirisha akiongea peke yake. "Kitindamimba, leo umeshindaje?" Ilikuwa utani. Lakini nani mwingine angemuuliza? Mama yake alishafariki, na shangazi aliyebaki alikuwa na wagonjwa wake. Marafiki wa chuo walipata kazi, namba yake ikawapotea ghafla. Basi akawa anamhadithia mwimo: mwenye nyumba wake alivyo na domo, bosi wa ile intavyuu aliyempa kazi mpwa wake, na usiku usivyoisha mtu akiwa peke yake chumbani. Akamaliza yote, hata yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Mkwaruzo ukafika kifuani. Ndipo akamwendea Madam.

"Madam, samahani. Yule mtoto wa mwisho wa familia, yule asiye na jina, alifariki?"

"Mtoto gani?" Madam hakuinua macho kwenye simu. "Ule mkwaruzo ni wa kabati! Siku tunahamia niliwaambia wabebaji waliinamishe, hawakusikia, wakaparua mbao. But your story, my dear, wow! Alhamisi wafadhili wanakuja. Ukiisimulia vile vile, nakupa mkataba wa kudumu."

Digrii akacheka. Kicheko kikamfia njiani alipokuwa anapanda ngazi. Kama hapakuwa na mtoto, basi nani alikuwa anakua?

Jumatano jioni, mkwaruzo ukiwa umeshafika usawa wa paji lake la uso, mvua ilinyesha, vyumba vikaingia giza mapema, naye alikuwa chini anapanga vikombe vya kuchezea aliposikia juu, ko, kisogo kimegonga mbao, taratibu, kama mtoto mtiifu anayesubiri kupimwa, akasema ni paka, akasema ni dirisha, huku pua yake ikishanusa ile harufu ya nywele za mtoto aliyelala akatoka jasho, harufu iliyoshuka ngazi moja moja mpaka ikamsimamia begani, na sauti, ambayo mwanzo hakuitambua kwa sababu hakuna mtu anayeijua sauti yake mwenyewe akiisikia kutoka nje, ikamuuliza kwa upole uleule aliokuwa anautumia yeye kila jioni: "Leo umeshindaje?"

Alikimbia bila viatu mpaka kwa shangazi.

Shangazi yake alikuwa anawasomea watu wenye majini. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "A'udhu billahi. Mwanangu, jini umeliita mwenyewe."

"Shangazi, ilikuwa hadithi tu!"

"Hadithi kwako. Hilo lilikuwa linapita zake, halina jina, halina kwao. Wewe na kisomo chako chote ukalipatia vyote viwili, tena bure. Limefika wapi?"

Digrii akagusa paji la uso.

"Likikufikia utosini, umekwisha. Kesho asubuhi simama mbele ya watoto, useme ulidanganya, hakuna kitindamimba. Aliyelipatia jina ndiye wa kulinyang'anya. Mimi nitakuja kusoma baada yako."

"Kesho ni Alhamisi, shangazi. Wafadhili. Plizi, nisaini kwanza, keshokutwa nalifuta."

"Kwa ajili ya kazi?"

"Wewe hujui kukaa bila kazi kulivyo. Watu wanakupita kama umechorwa ukutani."

Shangazi akamsogelea. "Na hilo dude, umelieleza nini kuhusu wewe?"

"Kila kitu," akanong'ona.

Alhamisi alisimulia kama hajawahi kusimulia. Wafadhili walifuta machozi, wakapiga makofi, wakapiga picha. "Kesho asubuhi njoo usaini," Madam akamnong'oneza. Walipoondoka, Digrii akaegemea mwimo kwa uchovu, kisogo kikagonga, ko. Akapeleka mkono utosini. Kidole kikatumbukia ndani ya mkwaruzo.

Asubuhi alifika amevaa gauni lake la intavyuu. Mlinzi alimtazama kupitia nondo za geti.

"Dada, unamtafuta nani?"

"Ah, acha masihara, mzee. Fungua. Ni mimi, Digrii."

"Digrii yuko ndani. Kaingia mapema, kaniulizia mpaka hali ya mke wangu." Mlinzi akatabasamu, si kwake. "Ameshasaini. Binti ana roho nzuri yule. Wewe ni ndugu yake?"

Akashika nondo za geti. Angemtaja shangazi, lakini kama mlinzi aliyempa jina hamjui, shangazi angemjuaje? Dirisha la juu lilikuwa wazi, na kupitia hapo watoto walisikika wakisukumana.

"Dada, huyu mpya wa chini mbona hana jina?"

Sauti yake mwenyewe, changamfu, iliyolala vizuri, ikawajibu: "Huyo ni dada mmoja. Hakuwahi kupata mtu wa kuongea naye. Anawasubiri nyinyi."

Watoto wakagonga mbao kwa pamoja: "Hodi!"

Na Digrii, nje ya geti, akavisikia vile vidole vidogo vikigonga kisogoni mwake. Akageuka, hapakuwa na mtu. Wakagonga tena. Akafumba macho, akaitikia, "Karibuni," kwa kuwa katika miaka yote ya upweke wake hakuna mwingine aliyewahi kumbishia hodi.