Kijumba Kimewasili

Kijumba cha chuma kiliteremka kutoka angani kikiifuata Kamba ya Anga, kamba nyembamba kuliko kidole lakini yenye nguvu ya kubeba garimoshi. Mwisho wake mmoja ulikuwa umefungwa mwambani nje ya Nanyuki, wa pili katika kituo kilichoelea juu ya dunia. Kilipogusa chini, pingu za sumaku zilikibana, na Mnenaji, mashine iliyoendesha kituo cha chini, akatangaza kwa utulivu: "Kijumba kimewasili."

Jamaa waliokuja kupokea watu wao walipiga makofi. Milango haikufunguka.

Gatwiri Mutegi, mhandisi wa lugha aliyemfundisha Mnenaji kusema, aliona sababu kwenye kioo chake. Mnenaji alikuwa amenusa ndani ya kijumba ukungu wa mapafu, ugonjwa wa viwanda vya angani. Kwa sheria, wenye ukungu walirudishwa juu, na hakuna binadamu aliyeachiwa ufunguo.

Mzee mmoja mwenye koti la sufu alimkaribia. Aliitwa Kaburia. Binti yake Kanana, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa mle ndani.

"Binti yangu, wewe ni wa hapa. Tumeambiwa wamewasili. Mbona hawatoki?"

"Kilichowasili ni kijumba, mzee," alisema Gatwiri, na papo hapo akaona haya. "Neno hilo tulilipata kwa Waarabu. Asili yake ni kuunganika, na ndiyo asili ya mawasiliano pia. Nilimfundisha Mnenaji kwamba kijumba kikishikamana na ardhi, kimewasili."

"Kwetu Meru twasema gukinya. Ni kukanyaga. Mpaka uweke mguu."

"Ndiyo, mzee."

"Basi mfungulie aweke mguu."

Gatwiri aligusa kioo, akaomba milango ifunguliwe. Akaomba tena.

"Mhandisi, mamlaka yako ni juu ya maneno," Mnenaji alimjibu. "Je, ungependa kubadilisha neno?"

Gatwiri alichomoa kipaza sauti chake cha kuzungumza na walio ndani akampa mzee, maana hicho tu ndicho alichokuwa nacho.

"Baba, nakuona kupitia dirisha hili. Umekonda," sauti ya Kanana ilisikika.

"Ni hili koti, kubwa."

"Wanaturudisha. Na kule juu nako wamefunga, hawatupokei."

Mzee alimtazama Gatwiri. Gatwiri aliinamisha kichwa.

"Umekula?" mzee aliuliza.

"Nimekula, Baba."

Pingu ziliachia, na kijumba kikaanza kupanda taratibu. Mzee Kaburia alimsimulia bintiye habari za nyumbani: ng'ombe mwekundu amezaa, mvua imewahi mwaka huu, mama yake amepaka rangi chumba cha Kanana. Kanana aliitikia, kisha sauti yake ikawa mikwaruzo, kisha kimya.

Mzee aliendelea kuzungumza. Gatwiri alisimama kando yake, akashindwa kumwambia kwamba laini imekatika.